Binti hajakonda, lakini anajitapisha na anatamani asiamke. Nivunje kiapo nimwambie mama yake?

Assalaam alaykum mnasihi,

Ninaishi Dar es Salaam na mume wangu, watoto wetu wawili wadogo na binti wa dada yangu. Binti ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Alikuja kwangu Januari mwaka jana baada ya kukataa ghafla kurudi bweni alikokuwa anasoma. Dada yangu yuko Tanga, anauza vitenge, na ndiye anayelipa ada. Tulimtafutia shule ya kutwa karibu na nyumbani, na miezi ya mwanzo nilimshukuru Mungu: mtoto mpole, anasaidia kazi, anaswali.

Mabadiliko yalianza baada ya malaria ya mwezi wa saba. Alipungua, na aliporudi shuleni wenzake wakamwambia amependeza. Tangu hapo akaanza kuchagua. Wali unamvimbisha tumbo. Chai ya maziwa hataki. Akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi, kisha ikawa karibu kila siku, akisema analipa siku za Ramadhani. Sisi tulifurahi, tukaona dini imemkaa. Lakini usiku nikiacha chapati sita kwenye hotipoti na mchuzi sufuriani, asubuhi nakuta patupu. Na baada ya futari huingia bafuni, anafungulia bomba, anakaa humo. Akitoka, macho mekundu, na chini ya masikio amevimba kama mwenye matubwitubwi.

Wiki mbili zilizopita nilimsubiri mlangoni. Alilia sana. Akaniambia anajitapisha, siku nyingine mara tatu. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo halinitoki: “Mama mdogo, nimechoka. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Ningekufa, mama angepumzika na ada zangu.” Nyuma ya daftari lake la fizikia nimekuta ameandika maneno yanayofanana na hayo. Akaniapisha. Niliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba sitamwambia mama yake wala mtu mwingine.

Dada yangu ana presha, na hasira zake nazijua. Akisikia hili atamrudisha Tanga na shule itakuwa imeishia hapo. Mama yetu, ambaye ni bibi yake, anajua tu kwamba mtoto hali vizuri, na ameshasema ni jini. Anataka apelekwe kwa shekhe asomewe na anyweshwe kombe. Mume wangu ameona huko kukaa bafuni, anasema ni deko na mambo ya kuiga Wazungu, tukimnyamazia yatapita. Jirani yangu nilimuuliza kwa kuzunguka, akaniambia hospitali wakisikia habari za kujiua wanadai PF3 na polisi wanaingia.

Na mimi mwenyewe nina shaka, maana hajakonda. Ukimwona ni binti mwenye afya, amenawiri. Picha ninazoziona kwenye simu za wagonjwa wa namna hii ni mifupa mitupu. Nafikiri labda tulimalize kwanza hili la chakula, na hayo mawazo ya kufa yataondoka yenyewe. Au ni kinyume chake? Na nikimuuliza tena habari za kufa, si nitakuwa namkumbusha?

Mwezi ujao kuna harusi ya binamu yake. Sare zinashonwa, yeye amekataa kwenda kupimwa kwa fundi. Harusi ikipita tu, Ramadhani inaingia. Nifanye nini, na kiapo changu nikiweke wapi?

Mama mdogo, Dar es Salaam

JIBU

Waalaykum salaam, mama mdogo.

Pole. Wiki mbili kubeba jambo hili peke yako, huku unapika, unahudumia watoto na kumtazama binti usoni kila asubuhi, ni nyingi. Jua pia kwamba wasichana wengi wenye tatizo hili hukaa miaka bila kumwambia mtu. Huyu amekwambia siri mbili kwa mkupuo mmoja, tena nzito zote. Amekuona unaweza kuibeba.

Umeuliza mengi: kiapo, mama yake, hospitali na polisi, kipi kitangulie kati ya chakula na mawazo ya kufa, harusi, Ramadhani. Naomba tuanze na lile lisiloweza kusubiri mpaka mambo ya Tanga yaamuliwe, yaani usalama wake usiku huu.

Kutamani kulala usiamke na kupanga kujiua ni mambo mawili, na huwezi kuyatofautisha kwa kumwangalia. Inabidi kuuliza, tena kwa neno lenyewe. Hofu yako ya kumkumbusha wanayo wazazi wengi, na watafiti waliipima. Huko New York wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 waligawanywa, wengine wakaulizwa kuhusu kujiua na wengine hawakuulizwa. Matokeo yalichapishwa 2005. Walioulizwa hawakupata mawazo hayo zaidi ya wenzao, na wale waliokuwa na huzuni kubwa au waliowahi kujaribu walionekana kupata nafuu kidogo. Mtoto anayewaza kufa hahitaji kukumbushwa. Anayo tayari, na anayo peke yake.

Kwa hiyo tafuta saa ambayo watoto wamelala, kaeni bega kwa bega, hata mkiwa mnakunja nguo, maana kutazamana uso kwa uso humbana mtoto mwenye aibu. Unaweza kusema: “Ulivyosema unatamani usiamke, ulikuwa unafikiria kujiua?” Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika nzima usikutishe. Akisema ndiyo, endelea taratibu: “Umeshawaza utafanyaje? Kuna siku uliyoipanga? Umewahi kujaribu?” Maneno ya kuepuka unayajua, kwa sababu ndiyo yanayotoka haraka: unamkufuru Mungu, utamuua mama yako kwa presha, wenzako hawana hata cha kula. Kila moja linaongeza uzito juu ya mtoto ambaye tayari anaamini yeye ni mzigo. Sema tu: “Ahsante kuniambia. Sikukasirikii. Nitakuwa nawe tukitafuta msaada.”

Akikuambia ana njia aliyoiwaza, au ana siku, au amewahi kujaribu, basi asiachwe peke yake hata kuoga, na mwende hospitali usiku huohuo, kitengo cha dharura. Kwa mlipo Dar es Salaam, Amana, Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa, na Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Akisema hana mpango, bado leo kusanya dawa zote za nyumbani, pamoja na zile unazoziona za kawaida, na sumu zote za wadudu na panya, ufungie kabatini, ufunguo ukae nawe. Sababu yake ni hii: wimbi la kutaka kufa mara nyingi hupanda kwa kasi na kushuka ndani ya muda mfupi, na kilicho mbali na mkono wakati huo huokoa maisha. Alale chumba kimoja na mtu. Muulize tena baada ya siku mbili, kwa maneno yaleyale. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure. Anaweza kupiga yeye, unaweza kupiga wewe.

Sasa hili la kukonda. Naelewa linakotoka, lakini naomba ulitazame upya, kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi. Unayoeleza (kushinda na njaa mchana, kula kingi kwa siri usiku, kujitapisha, uvimbe chini ya masikio) yanafanana na ugonjwa wa ulaji unaoitwa bulimia. Kuthibitisha ni kazi ya daktari. Mwenye bulimia kwa kawaida ana uzito wa kawaida au zaidi kidogo. Kile unachokiona kwenye picha za simu ni anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, ndugu wa ugonjwa huu, na hata huo haumpati mwembamba peke yake. Uvimbe ule ni tezi za mate zilizochoshwa na kutapika, ndiyo maana mashavu yanaonekana yamejaa. Unachokiita kunawiri, sehemu yake inaweza kuwa dalili.

Kwa upande wa kujiua, wembamba haupimi hatari. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 wenye bulimia, 25 hadi 35 wamewahi kujaribu kujiua; kwa wenye anoreksia ni 3 hadi 20, na miongoni mwao wanaojitapisha ndio wanaojaribu zaidi. Kwa anoreksia, takriban kifo kimoja kati ya vitano ni cha kujiua. Sikutajii hesabu hizi nikutie hofu, maana wengi wanaotibiwa wanapona. Nakutajia ili neno “deko” tuliweke pembeni kwanza. Hata kama anataka aonwe, si ameonwa sasa? Tumtendee kama aliyesema kweli.

Na ule “uzungu” anaousema mume wako? Huko Fiji, kwenye jimbo la Nadroga, televisheni iliingia 1995. Mwaka huo hakuna msichana wa shule aliyeulizwa ambaye alisema anajitapisha ili apungue. Mwaka 1998 walikuwa zaidi ya 11 katika kila 100. Ghana nako, watafiti walioandika 2004 walikuta wasichana wa shule waliojinyima chakula mpaka wakadhoofu, na maelezo yao yalikuwa kufunga kwa ajili ya dini na kujidhibiti nafsi. Ugonjwa huvaa nguo za mahali ulipo. Kwa binti yako huenda umevaa kanzu ya kulipa deni la Ramadhani, na ndiyo maana mtu mzima yeyote angeufurahia.

Umeuliza kipi kitangulie. Swali hilo linachukulia kwamba ni matatizo mawili yanayosimama mbalimbali. Tuangalie yanavyoshikana.

Njaa yenyewe hubadilisha akili. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kiliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36, wazima wa mwili na wa akili, kwa takriban miezi sita. Wakapoteza kama robo ya uzito wao. Wengi wakawa na huzuni, hasira za ghafla, wakajitenga na wenzao, wakawa wanawaza chakula mchana kutwa. Walipoachiwa kula, baadhi yao walikula bila kuweza kujizuia. Hawakuwa na jini wala ugonjwa wa akili walipoanza. Basi tazama siku ya binti: hakula tangu usiku uliopita, mwili unadai haki yake, saa tano usiku anafungua hotipoti na mkono hausimami. Chapati zile hazikuliwa kwa ulafi. Baada yake inakuja hofu, kisha kutapika, kisha nafuu ya dakika chache, kisha aibu, kisha ahadi ya kufunga kesho kwa ukali zaidi. Kila mzunguko unamwongezea ushahidi kwamba yeye ni mbovu.

Juu ya hapo kuna siri, na siri humtenga. Kuna hisia ya kuwa mzigo, na yeye ameitamka waziwazi aliposema kuhusu ada. Mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Joiner, ameeleza kwamba mtu huwa hatarini zaidi pale vitu vitatu vinapokutana: kujiona mzigo, kujiona hana pa kuegemea, na kuzoea maumivu ya mwili kiasi kwamba hofu ya asili ya kujidhuru inapungua. Anayejilazimisha kutapika mara tatu kwa siku anaufundisha mwili wake hilo la tatu bila kujua. Ndiyo maana wanaotibu hawangojei moja liishe ndipo waanze jingine. Mlo na usalama huanza pamoja.

Niguse jambo moja ambalo umelipita haraka. Umesema alikataa ghafla kurudi bweni. Hukusema kwa nini, na huenda hujui. Inaweza kuwa ni jambo dogo. Lakini kuonewa, kudhalilishwa au kuguswa vibaya ni miongoni mwa mambo yanayotangulia bulimia na mawazo ya kujiua kwa pamoja kwa wasichana wengi. Usimhoji. Mwambie mara moja tu: “Kama kuna mtu aliyewahi kukuumiza, bwenini au popote, siku utakayotaka kusema nitakuamini.” Kisha mwache. Mwambie na daktari kwamba hujui sababu ya kuhama. Atajua namna ya kuuliza akiwa naye peke yake.

Tuje kwenye kiapo. Uliapa ili mtoto asikufungie mlango, na nia hiyo ilikuwa njema. Katika Uislamu kuna hadithi mashuhuri kwamba aliyeapa kisha akaona jambo jingine ni bora, afanye lililo bora na atoe kafara ya kiapo chake. Kafara yenyewe imetajwa katika Sura ya tano: kulisha maskini kumi au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku tatu. Muulize shekhe unayemwamini, unaweza kumuuliza bila kumtaja binti. Nataja haya kwa sababu unaonekana unaona milango miwili tu, kutunza kiapo au kumsaliti, na naona kuna njia kadhaa kati yake.

Unaweza kumwambia binti kwanza: “Niliapa nikiwa sijajua uzito wa jambo hili. Siwezi kulibeba bila daktari. Tuchague pamoja nani aambiwe, lini, na maneno gani.” Hii inamwachia heshima yake. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika, akakataa kula mbele yako, au akaanza kuficha vizuri zaidi, na siku mbili tatu zinazofuata mazungumzo hayo zinahitaji macho yako zaidi ya kawaida. Unaweza kumpigia dada yako bila binti kujua. Hilo ni la haraka, na kama kuna mpango wa kujiua huenda ndilo linalobaki. Lakini akigundua, mtu pekee aliyemwambia atakuwa amepotea. Unaweza pia kuanza na daktari, umwombe yeye amweleze mama, kwa simu au ana kwa ana. Kwa mtu mwenye hasira na presha kama dada yako, habari ikitoka kwa daktari ikiwa na jina la ugonjwa na mpango wa matibabu hupokelewa tofauti na ikitoka kwa mdogo wake. Ubaya wake ni kuchelewa: miadi inaweza kusogea wiki, na binti ana miaka 16, hivyo hospitali nyingi zitataka idhini ya mzazi au mlezi kwa matibabu ya muda mrefu. Na kukaa kimya kabisa nako kuna matokeo yake. Likitokea lolote, dada yako atajua kwamba ulijua.

Ipi kati ya hizo, wewe unayemjua dada yako na binti ndiye utakayepima. Ninachokuomba ufikirie ni hofu yako kwamba atamrudisha Tanga. Je, ameshasema hivyo, au unakisia kutokana na hasira za zamani? Watu wakali hutushangaza wanapoambiwa kwamba mtoto wao ametamani kufa. Pengine ukianza kwa ombi badala ya taarifa (“Dada, nahitaji msaada wako, mtoto anaumwa na anatibika, ila akihamishwa sasa matibabu yatakatika”) utampa la kufanya kabla hajapata la kukasirikia.

Kuhusu PF3: hiyo ni fomu ya polisi inayotakiwa kwa majeraha ya ajali, kupigwa na matukio ya jinai. Mtoto anayepelekwa kwa kutapika na huzuni hahitaji. Ni kweli kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa (huko Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025), lakini kuwaza na kuomba msaada si kosa popote. Kwa maana hiyo, kwenda sasa ndiko kunakomweka mbali na polisi. Hata likitokea tukio, hospitali ndiyo ya kwanza, karatasi hufuata.

Mkifika, usiseme tu “hali vizuri”, mtarudishwa na vidonge vya minyoo au vya tumbo. Andika kwenye karatasi: ana miaka 16, anajitapisha mara ngapi kwa siku, tangu mwezi gani, anafunga siku ngapi kwa wiki, hedhi yake ya mwisho, kama anatumia dawa za kuharisha, na maneno aliyosema kuhusu kufa. Mpe daktari karatasi hiyo. Binti hatalazimika kuyasema mbele ya foleni. Omba mapigo ya moyo na presha vipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Omba damu ipimwe chumvi zake, hasa potasiamu, pamoja na sukari na figo, na moyo upimwe kwa mashine ya umeme wa moyo. Kutapika huondoa potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo hupoteza mpangilio bila kutoa dalili ya nje. Jibu likitoka zuri ni habari njema ya siku hiyo tu, kwani wiki ya kutapika sana inaweza kulibadilisha. Na kama siku yoyote atazimia, akatapika damu, akahisi moyo unaruka, akakakamaa misuli, au mapigo yake akiwa ametulia yakawa chini ya 50 kwa dakika, msisubiri miadi.

Daktari anaweza kumwandikia dawa. Kwa bulimia inayotumika zaidi ni fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona. Kwa vijana, dawa za aina hiyo zinaweza kuzidisha mawazo ya kujiua katika wiki za mwanzo, hivyo zikae kwako, umpe dozi moja moja, umuulize hali yake mara kwa mara, na zisikatishwe ghafla bila daktari. Bupropioni, dawa nyingine ya sonona, haifai kwa anayejitapisha kwa sababu inaweza kuleta degedege. Ukiliona jina hilo kwenye cheti, uliza.

Nyumbani kazi kubwa ni ratiba, na hapo una nguvu kuliko unavyodhani. Tiba inayotumia familia, iliyoanzia Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, huwapa wazazi na walezi jukumu la kusimamia milo mpaka mtoto apate nguvu ya kuisimamia mwenyewe. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, pengo lisizidi saa nne: uji wa maziwa au chai na mihogo asubuhi, ndizi na karanga za kwenda nazo shule, wali maharage au ugali na samaki, maziwa mgando jioni. Njaa ya mchana ikiisha, hotipoti ya usiku inapoteza nguvu yake. Msimlazimishe sinia lililojaa siku ya kwanza. Kwa aliyeshinda na njaa siku nyingi au aliyepungua sana, chakula kingi cha ghafla kinaweza kushusha fosfeti, mojawapo ya chumvi za mwilini, na kuhatarisha moyo, ndiyo sababu nyingine ya kumwona daktari mapema. Kula naye. Kisha kaa naye kama saa moja baada ya mlo, kwa kitu kinachoshika mikono na akili: kusuka, karata, kumsomesha mdogo wake. Saa hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Akitapika hata hivyo, asukutue kwa maji tu na asipige mswaki papo hapo, maana asidi imelainisha meno. Na mlo unaofuata ubaki kwa saa yake, bila adhabu na bila hotuba.

Jambo moja huwashtua walezi. Wiki za mwanzo za kula kwa ratiba, huzuni inaweza kupanda badala ya kushuka. Kutapika kulikuwa kunamtuliza, sasa hakuna. Tumbo linajaa, anaona amenenepa, anasema mmemharibia maisha. Familia nyingi hulegeza ulinzi hapo kwa kuwa “sasa anakula”. Ulinzi uzidi hapo.

Saumu za kulipa zisimame kwanza, na Ramadhani iulizwe kwa daktari na shekhe pamoja. Qurani, Sura ya pili aya ya 184, inamruhusu mgonjwa kuhesabu siku nyingine. Kwake yeye ruhusa hiyo inaweza kuonekana kama kushindwa, kwa hiyo ni vizuri isemwe na mtu wa dini anayemheshimu, si wewe peke yako.

Harusini, tatizo litakuwa midomo. Kwetu “umenenepa” ni sifa, na yeye anaisikia kama hukumu. Huko Minnesota, kati ya vijana 4,746 walioulizwa na watafiti walioandika 2003, wale waliotaniwa kuhusu mwili wao, nyumbani au shuleni, walikuwa na mawazo ya kujiua zaidi. Waambie shangazi mapema, kwa sababu yoyote utakayoona inafaa, kwamba mwili wa mtoto usizungumzwe, si kwa kusifia wala kwa kukosoa. Fundi anaweza kuchukua vipimo kwa gauni lake la zamani, mshono uwe na nafasi, na namba zisitajwe kwa sauti. Na akisema hataki kwenda kabisa, inawezekana ni sawa, ila asibaki nyumbani peke yake siku hiyo.

Bibi naye anampenda. Kusomewa hakugongani na hospitali, na kwa mtoto mwenye aibu dua inaweza kumpa faraja. Ongea na shekhe kabla: asipewe kitu cha kumtapisha wala cha kumharisha, asiamriwe kufunga, na asiambiwe aache dawa.

Wewe je, nani anakupokea zamu? Kulinda mtoto usiku na mchana kunamaliza mtu. Mume wako amesema “deko” akiwa ameona bafu tu, hajasikia lile neno la usiku ule. Pengine, ukiamua kwamba kiapo kinafunguka kwa mtu wa pili, awe yeye, angalau kwa kushika ufunguo wa kabati na kukaa mezani ile saa moja unapolala.

Mkishapimwa, niandikie walichosema kuhusu potasiamu na kama mmepewa miadi ya kliniki ya afya ya akili. Mkiambiwa hakuna tatizo kwa sababu hajakonda, niandikie hilo pia, tutazungumza namna ya kuomba rufaa.

Wako,
Mnasihi